Watoto Wasiambiwe

Jumamosi mchana duka la fotokopi lililo karibu na stendi hujaa utadhani karatasi zinagawiwa bure. Wanafunzi wa chuo, makarani wenye mafaili, kina mama na vyeti vya watoto wao, wote wanasukumana mbele ya mashine tatu, na siku hiyo mbili zilikuwa zimekufa. Ya tatu ilikuwa imeshikwa na mwanamke mrefu aliyevaa gauni la bluu, mikono kaikunja mpaka viwikoni, anatoa nakala za mazoezi ya Kiingereza ya watoto sitini na wawili. Karatasi ya arobaini ikakwama. Mashine ikalia kidogo, kisha ikanyamaza.

"We mashine!" Akaichapa kofi la ubavuni, na akaisema kwa Kiswahili, maana mtu akikasirika hurudi kwao. "Na wewe leo umeamua kunichezea?"

"Ukiipiga hivyo itanuna, dada," sauti ikajibu kutoka chini. Kwa Kiswahili.

Mwanamke akaruka. Alikuwa na mwaka na nusu katika nchi ile ya watu, na hakuna siku aliyojibiwa dukani kwa lugha ya mama yake. Akainama kuchungulia. Nyuma ya mashine iliyokufa aliona buti mbili, kisha ovaroli ya kijivu, kisha mwanamume aliyelala chali na bisibisi mkononi, wino shavuni, na tabasamu ambalo mwenyewe hakujua madhara yake.

"Wewe ni nani?"

"Fundi wa hizi. Na wewe ni mwalimu."

"Umejuaje?"

"Mtu mwingine angeitukana. Wewe umeikaripia."

Mwalimu alicheka mpaka foleni nzima ikageuka. "Haya, itengeneze basi, kabla sijaisimamisha kwenye kona."

Ilitengenezwa kwa dakika tano. Maongezi yakachukua saa mbili, wamesimama nje ya duka na mabunda ya karatasi mikononi kama wauza magazeti. Zilikuwa zimebaki wiki kumi na moja shule ifunge.

Mimi si mtu wa kuamini mapenzi ya haraka, lakini hawa wawili walinishinda. Kufikia wiki ya tatu, Fundi alikuwa anajua kwamba Mwalimu hunywa chai bila sukari na kusahihisha madaftari kitandani, jambo lililoyajaza mashuka yake alama za kalamu nyekundu. Mwalimu naye alikuwa anajua kwamba Fundi ana shati moja tu la maana, jeupe, na kwamba hulivaa kila wakitoka na kulifua usiku huohuo. Simu hazikukatika.

"Unafanya nini, roho yangu?"

"Nasahihisha insha. Mtoto mmoja kaandika kwamba akikua anataka kuwa ngazi."

"Ngazi?"

"Eti ili kila mtu apande. Nimempa alama zote."

"Na mimi nikikua nataka kuwa kalamu yako nyekundu."

"Wewe ulishakua, baba. Lala."

Mikataba yao yote miwili ilikuwa inaisha mwezi mmoja, wakaona hiyo ni dalili ya heri. Wakakubaliana: wanarudi nyumbani pamoja. Mwalimu alikuwa ameshapata nafasi katika shule ya mji wa kwao, na tiketi yake ya Jumapili baada ya kufunga shule ilikuwa imekaa ndani ya pasipoti. Fundi angefungua karakana yake mji huohuo. Bosi wake alikuwa amemwekea mezani fomu ya kuongeza miaka miwili, nayo ilikaa pale mwezi mzima bila kuguswa.

Zikaja wiki tatu za mwisho, na anayezijua shule anajua wiki hizo zilivyo. Ripoti sitini na mbili, kila moja na maneno yake, maana mzazi hataki kusoma kuhusu mwanawe maneno yaleyale aliyoandikiwa mtoto wa jirani. Mitihani ya kusikiliza, mitihani ya kusoma, mazoezi ya nyimbo za sherehe, mataji ya karatasi ya kubandika gundi, picha za kubandua ukutani, vyeti vya kuchapisha. Mwalimu alitembea na stepla mfukoni na chaki kwenye nyusi.

Juu ya yote hayo, mkuu wa shule aliwaita walimu wote wa kigeni ofisini kwake. Alikuwa mama mnadhifu, miwani imening'inia kifuani.

"Wale wasiorudi muhula ujao, watoto wasiambiwe," alisema. "Wazazi pia. Mpaka saa ya mwisho ya siku ya mwisho. Mkisema mapema, watoto watalia badala ya kufanya mtihani, na wazazi watahamisha watoto."

Mwalimu hakupenda, lakini alikubali. Njia ya mwongo ni fupi, na yake ilianza kesho yake tu. Darasani kulikuwa na binti wa miaka minane aliyempa jina la Kengele kwa sababu hakujua kunong'ona. Kengele akanyosha mkono.

"Mwalimu, mwaka ujao utatufundisha wewe?"

Macho ya watoto sitini na wawili yakamtazama. "Ndiyo," alisema, na kwa vile uongo ukishaanza hutaka kupambwa, akaongeza: "Tutasoma sayari zote. Kwa Kiingereza."

Darasa likashangilia. Yeye akageukia ubao, akafuta mahali palipokuwa safi.

Jumanne iliyofuata mashine ya shule ikakwama, Fundi akaitwa. Mwalimu alikuwa kwenye mtihani, hawakuonana. Lakini kwenye korido Kengele na wenzake walimzunguka kuona matumbo ya mashine, na Fundi, aliyekaa nchi ile miaka minne na kuijua lugha yao, akawatania.

"Mtamkosa Mwalimu wenu, eeh?"

"Kwa nini?" Kengele alishangaa. "Mwaka ujao anatufundisha sayari! Ametuambia mwenyewe."

Fundi alifunga kifuniko cha mashine polepole. Watoto hawana sababu ya kudanganya, na kweli hawa hawakudanganya. Njia nzima kurudi karakana alijisemesha moyoni. Kumbe amebadilisha mawazo. Ameona vibaya kuniambia kwa jinsi ninavyoimba habari za nyumbani kila siku. Sasa mimi nitakuwa mwanamume gani, nipande ndege nimwache hapa peke yake? Kuuliza si ujinga, wahenga walisema, lakini Fundi alitaka kumshangaza mpenzi wake. Jumatano asubuhi akaichukua ile fomu akaisaini. Habari angempa Ijumaa, kwa chakula, kwa shati jeupe.

Alhamisi jioni Mwalimu akapiga simu.

"Fundi wangu, umekata tiketi?"

"Mbona waniharakisha?"

"Nafasi zinaisha, mpenzi. Ukizubaa utabaki."

Hilo Fundi hakulitegemea. Kama Mwalimu anabaki, kwa nini anamsukuma yeye aondoke? Likamjia wazo baya, na wazo baya likikukuta umechoka hukaa kabisa: anataka niende ili yeye abaki bila mimi.

"Na nikibaki, itakuwa vibaya?" akauliza.

"Vibaya sana! We vipi leo?"

"Basi nimeshabaki. Nimesaini jana. Miaka miwili."

Upande wa pili kikasikika kiti kikiburutwa.

"Umesaini?"

"Nilidhani utafurahi."

"Nifurahi! Unaamua maisha yetu peke yako, halafu naambiwa kwenye simu kama jirani?"

"Nani anaamua mambo bila kumwambia mwenzake, mimi au wewe?"

"Mimi nimekuficha nini?"

"Jiulize."

"Sijiulizi chochote. Usiku mwema."

Maneno mawili tu, "watoto wameniambia", yangeimaliza kesi ile palepale. Lakini mwanamume aliyeumia huona kueleza ni kujishusha, na mwanamke aliyeumia huona kusubiri maelezo ni kuomba. Wakanuniana siku kumi nzima, watu wazima na akili zao.

Mwalimu alijikaza kisabuni. Aliandika ripoti, alibandika mataji, aliimba nyimbo za watoto kwa sauti ya mtu mwenye mafua. Dada yake alipopiga kutoka nyumbani, akamwaga yote.

"Dada, kasaini. Habaki kwa bahati mbaya, kasaini kwa mkono wake."

"Umemuuliza kwa nini?"

"Nimuulize nini tena? Miaka miwili!"

"We mtoto we! Kazi yako kufundisha watoto wanyoshe mkono waulize. Wewe mwenyewe mkono umevunjika?"

"Usinichekeshe, nina hasira."

"Huna hasira. Unampenda, na Jumapili unaondoka. Hayo ndiyo yanayokuuma."

Ilikuwa kweli, na Mwalimu alilia juu ya ripoti ya arobaini na tatu mpaka ikabidi aiandike upya.

Siku moja kabla ya kufunga, vyeti vilikwama ndani ya mashine. Bosi akamtuma Fundi, na Fundi hangeweza kumwambia bosi kwamba moyo wake haukubali kwenda shule ile. Akaja, kichwa chini, akafungua vifaa katika chumba cha mashine kilichopakana na darasa. Mlango wa katikati ulikuwa wazi kwa sababu ya joto.

Darasani Kengele alikuwa amesimama mbele ya meza ya Mwalimu na karatasi iliyokunjwa.

"Hii ni ya siku ya kwanza ya mwaka ujao," alisema kwa sauti yake isiyojua faragha. "Nimechora sayari zote. Uitunze, tukirudi tuanze nayo."

Mwalimu aliishika ile karatasi. Alikuwa amebakiza siku moja tu ya kunyamaza, na angeweza. Akakaa kwenye kiti cha mtoto, magoti yakamfika kidevuni, akasema kwa Kiingereza cha polepole ili hata wa nyuma waelewe.

"Mwaka ujao sitakuwepo. Narudi kwetu Jumapili."

Penseli zikawekwa chini.

"Lakini ulisema," alisema Kengele.

"Nilisema, na nilikuwa najua sitakuwepo. Niliambiwa nisiwaambie, na mimi nikaona kunyamaza ni rahisi. Nimewadanganya. Naomba mnisamehe."

Katika chumba cha pili, koleo lilianguka sakafuni.

Kengele alifikiri, lakini hakulia. "Jumapili ni mbali," alisema mwishowe. "Basi tusome sayari leo."

Kwa hiyo, siku ambayo ratiba ilisema kubandua picha, darasa lilisukuma madawati ukutani. Watoto wakagawana sayari kwa makelele. Palihitajika jua, mtu mkubwa wa kusimama katikati, na Kengele akageuka akamwona Fundi mlangoni, wino mpaka kwenye masikio, kama mtu aliyesahau alichofuata.

"Fundi awe jua!"

Akaburutwa katikati. Watoto wakaanza kumzunguka, na Mwalimu, aliyekuwa akiwapanga njia, akajikuta amesimama hatua mbili kutoka kwake, gauni lake la bluu lina gundi kifuani.

"Wao ndio walioniambia," alisema Fundi kwa Kiswahili, haraka haraka. "Jumanne ile. Wakasema unabaki, unawafundisha sayari. Nikasaini ili nisikuache."

Mwalimu akamtazama. "Ulisaini kwa ajili yangu?"

"Kisha ukanihimiza nikate tiketi. Nikajua unanifukuza."

"Ee Mungu wangu." Akawageukia watoto kwa Kiingereza: "Taratibu huko! Dunia isimkanyage Mirihi!" Kisha akarudi kwake, macho yamejaa. "Siku kumi, Fundi. Siku kumi nakula machozi kwa sababu ulimwamini mtoto wa miaka minane kuliko kuniuliza mimi?"

"Nimekosa."

"Na mimi nimekosa. Ningekuambia ile amri ya mkuu siku ileile. Niliona aibu kukuambia nawadanganya watoto." Akajifuta kwa mkono, akajipaka chaki. "Sasa tutafanyaje? Umeshasaini."

"Bosi lazima nimpe miezi mitatu atafute mtu. Barua ya kuacha kazi naandika leo. Utatangulia, mimi nitakuja."

"Miezi mitatu."

"Mitatu. Sitakudanganya hata siku moja."

Mwalimu alitaka kumkasirikia bado, walau kidogo, akashindwa. Alimpenda vile alivyo, na wino wake na ujinga wake wa kutaka kushangaza watu.

"Tena usisikie habari zangu kwa wengine," alimwambia. "Ukiwa na jambo langu, niulize mimi."

"Jambo lolote?"

"Lolote."

Fundi akatazama huku na huko. Watoto walikuwa wanamzunguka, Mushtarii amevua kiatu, Zohali analia kuwa kasukumwa. Haikuwa saa aliyoiwaza wala shati aliloliwaza, lakini alikuwa amejifunza gharama ya kungoja Ijumaa.

"Utaolewa na mimi?"

Mwalimu akaziba mdomo kwa mikono miwili. Sayari ya kwanza ikasimama, ya pili ikaigonga, mpaka zote zikasimama zikitazama. Lugha hawakuielewa, lakini nyuso walizielewa.

"Amesema nini?" Kengele akauliza.

Angeweza kusema ni mambo ya watu wazima. Angeweza kusema fundi anaulizia mashine. Mwalimu akachuchumaa mpaka macho yao yakalingana.

"Ameniuliza kama nitaolewa naye."

"Na wewe umemwambia nini?"

"Bado sijamjibu."

"Basi tuambie sisi kwanza," alisema Kengele, na kwa mara ya kwanza mwaka ule akanong'ona.

Mwalimu akamsogelea sikioni akamwambia. Darasa zima likasogea kusikiliza, na Fundi akabaki pale katikati, akimtazama Kengele usoni.

Kengele akamgeukia Fundi, meno yote nje kwa furaha, akajaza kifua hewa ili alitangaze jibu.