Sahani Niliyomwazima Evanthia

Haya hayakunikuta mimi. Yalimkuta shoga yangu Evanthia, ila ushahidi uko kabatini kwangu.

Jumamosi ya Wafu, kila mtu hapa kisiwani hupeleka kanisani ngano ya kuchemsha, chakula cha marehemu wake, padre amsomee jina. Evanthia aliipika, akaipakua kwenye sahani yangu, kisha usingizi ukamchukua. Alikuwa amesafisha vyumba ishirini hotelini. Alipozinduka, padre ameshafunga kanisa.

"Kaka yangu atakaa na njaa mwaka mzima!" akalia.

"Si umpelekee mwenyewe, unajua alipo," nikamtania.

Kaka yake, Stratis, alikuwa mpishi wa meli iliyozama hapo mbele ya ufuko; mlingoti wake unaonekana hadi leo. Maiti yake haikupatikana. Basi mwenzangu akaifunga sahani kwa kitambaa, akavaa miwani ya kuzamia, akaenda kuiacha jikoni mwa meli.

Kesho yake nikamuuliza, "Na sahani yangu je?"

"Mtu mzima huna haya!" akanifokea. "Nimechoka hadi mifupa."

Akaenda hivyo hivyo. Anasema mle jikoni mlikuwa giza, na kabla hajaingia alisikia vyombo vikigongana polepole, kama mtu anaosha huku amechoka. Akapapasa, akaikuta sahani imefudikizwa juu ya kitambaa kilichokunjwa vizuri, kama alivyozoea kufanya Stratis.

Alinikabidhi pale pale ufukweni, meno yakimgongana kwa baridi. Sahani ilikuwa safi. Na ilikuwa na joto, kama iliyotoka sasa hivi kwenye maji ya moto.