Chupa Ishirini na Nne

Mzee Chupa alikutwa amelala chali kwenye chumba cha sampuli cha maabara ya chuo, kando ya beseni la zege la kuoshea vyombo. Koti lake jeupe la kazi lilikuwa limefungwa vifungo vyote. Damu ilikuwa imeganda chini ya kisogo, na nyingine imekauka kwenye kona ya beseni.

Inspekta alisimama mlangoni akiwa na jino linalouma na barua ya kunyimwa likizo mfukoni, ya tatu mwaka huo. Alikuwa amebakiza miezi minane astaafu. Kuwatazama wafu kulikuwa kumemchosha siku nyingi, ila walio hai walimchosha zaidi, kwa sababu wao walikuwa na maelezo.

"Nani alimkuta?"

"Mimi, Afande," alijibu fundi sanifu wa maabara, mama wa makamo aliyekuwa akifuta miwani isiyo na uchafu wowote. "Saa moja na nusu asubuhi. Nilidhani ameanguka tu."

Alieleza kwamba mzee aliosha vyombo katika chuo kile miaka thelathini na mmoja, hadi jina lake halisi likabaki linajulikana na mkewe na mhasibu wa chuo tu. Hakuna mwanafunzi aliyegusa kemikali kabla ya kuosha chupa mwezi mzima chini ya macho yake. Wapo madaktari na wakurugenzi waliowahi kugombezwa na Mzee Chupa.

Dirisha lilikuwa limevunjwa. Vioo vilitapakaa nje, kwenye nyasi, ndani hakikuwemo hata kipande. Inspekta aliguna. Kila anayeigiza mwizi hufanya kosa hilo, na bado hawajifunzi.

Jokofu lilikuwa wazi na tupu. Chupa zilizokuwamo, ishirini na nne, zilikuwa zimetundikwa kichwa chini kwenye vigingi vya ukutani. Hazikuwa na maji wala alama ya kidole.

Mkuu wa idara alifika akiwa na tai iliyopinda. Habari aliyoitoa haikuwa ndefu. Kuna mtaa wenye kisima, na jirani ya kisima kuna kituo cha mafuta. Mwaka jana watu walisikia harufu ya petroli kwenye maji, kisima kikafungwa. Mwanafunzi wake wa shahada ya pili akachukua kazi ya kuyapima maji yale kila wiki. Wiki tatu zilizopita aliandika barua kwamba hayana hata chembe ya mafuta, na kisima kikafunguliwa. Familia sitini zinakunywa pale.

"Sasa chupa hizi?"

"Ni sampuli za akiba, za wiki iliyopita. Leo saa tatu gari la maabara ya serikali lilikuwa lije kuzichukua zipimwe upya. Mzee ndiye aliyeniomba. Anaishi mtaa ule. Alisema mkewe bado anasikia harufu kwenye sufuria."

"Nani hakutaka zipimwe?"

"Mwenye kituo cha mafuta," alisema mkuu. "Nani mwingine?"

Inspekta alipenda majibu rahisi kama mtu mwingine yeyote aliyechoka. Akamwambia Koplo wake amtafute.

Mwanafunzi mwenyewe alikuwa mama wa miaka kama arobaini, mwalimu wa sekondari aliyekuwa akisoma huku akifanya kazi. Pale chuoni walimwita Mwalimu, hata waliokuwa wakimfundisha. Inspekta alimkuta kwenye darasa tupu na mifuko miwili ya madaftari ya kusahihisha, kila mfuko wa shule yake. Asubuhi alifundisha moja, jioni nyingine, na katikati alikuwa mwanafunzi. Macho yake yalikuwa mekundu. Alisema siku ya tukio aliondoka chuoni saa kumi, hakumwona mzee.

"Mwalimu, kemia nilipata ziro," alisema Inspekta. "Nieleze hayo mafuta kwenye maji kama unavyowaeleza watoto wa kidato cha kwanza."

Mwalimu alimtazama, kisha akachukua chaki. Inspekta aligundua kwamba alipoishika ile chaki, mgongo wake ulinyooka.

"Kaboni ina mikono minne, Afande. Haitulii mpaka yote minne imeshika kitu."

"Kama Koplo wangu mezani."

Mwalimu hakucheka, ila alichora. Kaboni zikishikana mikono kwa safu, hiyo ndiyo petroli na dizeli na ndugu zao. Sita zikishikana kwa duara ni benzini, na hiyo ndiyo ya kuogopwa. Huyeyuka kidogo majini, huioni. Ukiinywa miaka, inaharibu uboho ndani ya mifupa, damu inageuka adui.

"Wakichemsha maji?"

"Inapanda na mvuke. Anaivuta anayepika."

Jino lilimchoma. Inspekta alitoa kidonge, akakinga maji kwenye bomba la darasani, akakunja uso kabla ya kunywa.

"Haya nayo yana harufu. Ni mafuta?"

"Hapana, hiyo ni klorini. Mamlaka ya maji huitia ili iue vijidudu."

"Na kisimani?"

"Kisimani haimo. Nani aitie? Kile hakijawahi kutiwa dawa yoyote."

Inspekta aliandika yote kwenye kijitabu chake, mikono minne, duara, mvuke, klorini, kama mwanafunzi anayeogopa mtihani. Alimshukuru. Moyoni alijisemea kwamba angefundishwa na mama huyu asingekuwa polisi.

Mwenye kituo cha mafuta alipatikana hospitalini, mguu mmoja umening'inizwa kwa kamba na plasta hadi pajani. Alikuwa pale siku ya sita.

"Afande, mimi hata chooni napelekwa," alisema. "Nitavunja dirisha la nani?"

"Una watu wa kuwatuma."

"Wafanyakazi wangu? Kuwatuma tu wafagie ni kesi." Akapunguza sauti. "Nikwambie ukweli. Tangi langu la chini halijachimbuliwa miaka ishirini. Mwalimu aliposema maji ni safi, nilishangaa kuliko wote. Nikanyamaza. Nani anakataa bahati?"

Inspekta alirudi kituoni akiwa hoi. Aliyekuwa na sababu hakuwa na mguu.

Kesho yake alikwenda mochwari. Daktari wa uchunguzi wa maiti alimweleza huku akinawa. Mzee alisukumwa au alijivuta nyuma, kisogo kikapiga kona ya beseni, na damu ikavuja taratibu ndani ya fuvu.

"Alikufa pale pale?"

"Hapana. Alikaa hai kama saa moja, pengine zaidi. Angepelekwa hospitali mapema, leo ningekuwa nimepumzika."

Toka hapo Inspekta alirudi kwenye chumba cha sampuli, akakaa kwenye kigoda, akazitazama chupa. Kilichomsumbua kilikuwa kidogo na cha kijinga. Mwizi anayetaka kuharibu sampuli huzibeba au huzivunja. Huyu alikuwa ameziosha.

Alimwita fundi sanifu, akamwomba aoshe chupa moja kama Mzee alivyofundisha. Mama yule alivaa glavu. Sabuni na brashi, kisha maji ya bomba mara tatu, kisha mara tatu tena maji yasiyo na chumvi, kama yale ya kuwekwa kwenye betri ya gari.

"Hayo ya mwisho ya nini?"

"Ya bomba yakikauka yanaacha madoa meupe. Mzee akiona doa, unarudia zote."

Inspekta alinyanyua chupa moja ya ukutani akaielekeza dirishani. Haikuwa na doa. Akanyanyua nyingine, na nyingine. Zote ishirini na nne zilikuwa safi namna ile. Aliangalia saa yake: chupa ya fundi sanifu ilichukua dakika mbili na nusu. Akapiga hesabu mara mbili kwa sababu jibu hakulipenda. Ilikuwa saa nzima.

"Nani anaosha hivi?"

"Aliyepita mikononi mwa Mzee," alisema mama yule, akivua glavu. "Hata ukitaka kuosha vibaya, mkono unakataa."

Jioni ile Koplo alileta vitu vilivyotoka kwenye kabati la marehemu. Vilikuwa ndala, redio ndogo, kopo la vidonge vya kupimia maji, na daftari lililoandikwa kwa penseli. Ukurasa wa mwisho ulikuwa wa siku aliyokufa. Inspekta alisoma polepole. *Sampuli za kisima, 1 hadi 24. Nimechota matone kila chupa, nimetia kidonge. Zote zimegeuka pinki. Klorini imo. Nimwite mwenyewe kwanza kabla ya mkuu, asije akaaibika.*

Alifungua kijitabu chake mwenyewe, kwenye somo la jana, akaweka kidole chini ya mstari wa klorini. Simu moja kwa bwana afya wa mtaa ilithibitisha kwamba kisima kile hakijawahi kutiwa dawa. Inspekta alivua viatu. Angependa sana mhusika awe mwenye kituo cha mafuta.

Siku ya tatu, saa tisa kasoro alasiri, alimkuta Mwalimu darasa lile lile, kalamu nyekundu mkononi. Koplo alikuwa ametumwa mazishini kuangalia nani kaja na nani hakuja. Mwalimu hakwenda.

Inspekta alivuta kiti.

"Mwalimu, ulinifundisha vizuri. Nina swali moja."

"Uliza, Afande."

"Maji ya kisima yenye klorini yametoka wapi?"

Kalamu ilisimama. Mwalimu alitazama ubaoni, ambako somo lake lilikuwa halijafutwa.

"Bombani," alisema.

Angeweza kusema hajui. Inspekta alimsubiri aseme hivyo, karibu amwombee. Lakini mwalimu akiulizwa swali hutoa jibu sahihi.

"Bomba gani?"

"La chumba cha sampuli."

"Kwa nini?"

"Nilichoka." Aliliweka daftari juu ya mengine, akalinyoosha. "Sampuli zinatakiwa zichotwe alfajiri. Kisima kiko mwendo wa saa moja na nusu. Saa moja na dakika kumi niwe darasani shule ya kwanza. Saa kumi na moja shule ya pili. Nina watoto watatu na mama mgonjwa. Siku moja nikasema wiki hii tu. Wiki iliyofuata nikasema hivyo hivyo."

"Mzee alikuita."

"Alinionyesha vidonge. Hakunifokea, Afande. Hilo ndilo lililonimaliza. Aliniambia, 'Mwanangu, nenda kwa mkuu useme mwenyewe, mimi nitakaa nje ya mlango nikusubiri.' Nikamwomba aniachie mpaka nipate shahada, miezi miwili. Akasema mjukuu wake anakunywa yale maji kila siku. Akataka kupita. Nikamzuia. Nikamsukuma."

"Kisha?"

"Nilidhani amekufa. Nikamwaga sampuli zote."

"Na kuosha?"

Mwalimu alitazama mikono yake. "Sijui. Nilikuwa nimezishika. Huwezi kuziacha chafu."

"Saa nzima, Mwalimu. Alikuwa hai saa nzima."

"Nilimsikia anakoroma." Alisema taratibu, kama anayesomea wanafunzi imla. "Nikafungulia maji yatoke kwa nguvu."

Inspekta hakuandika sentensi ile mara moja. Mwaka mmoja huko nyuma aliwahi kusaini taarifa ya ukaguzi wa chumba cha mahabusu ambacho hakukikanyaga, kwa sababu mvua ilinyesha na alikuwa amechoka. Hakuna aliyekufa. Tofauti yao ilikuwa hiyo tu, na haikumpa raha yoyote.

"Lakini wiki za mwanzo ulikwenda," alisema. "Zile zilionyesha nini?"

"Wiki mbili. Mashine ilikuwa mbovu, nikazihifadhi, zikaharibika."

"Kwa hiyo maji ya kisima kile..."

"Hayajapimwa, Afande. Hata tone."

Inspekta alitoa pingu, akaziweka mezani bila kuzifungua. Mwalimu hakuziangalia. Alikuwa amegeukia dirishani, na kwa mara ya kwanza uso wake ulikuwa na hofu.

"Msibani pale," alisema. "Watu ni wengi. Wanachota wapi maji?"

Inspekta alipiga simu. Koplo alipokea huku nyuma yake kukiwa na sauti za vyombo na watu. Alitoa ripoti kwamba wamezika salama na waliotegemewa wamefika.

"Hapo nyumbani maji wanachota wapi?"

"Kisimani, Afande, hatua chache tu. Mjane kajitahidi, kachemsha masufuria na masufuria, yuko jikoni toka asubuhi. Hapa namalizia chai kikombe cha pili."

Inspekta alimwambia akiweke chini, kisha aende jikoni akamtoe mama yule kwenye mvuke.