Ndege Isiyotua ya Nachingwea

Jumatano moja ya Machi 2007, saa kumi na robo alasiri, Mwalimu Evodius alipitisha kisu kwenye selotepu nyembamba inayoonyesha, akafunua boksi mbele ya Klabu ya Marubani nzima, akakuta sabuni.

Si sabuni ya mche, ambayo pengine ingesameheka. Zilikuwa sabuni za kunukia, za rangi ya waridi, zimeviringishwa gazeti zisigongane. Mwalimu alizipanga juu ya meza ya chumba cha kompyuta, akazitazama kama mtu aliyekabidhiwa maiti isiyo yake.

"Ndege iko wapi?" aliuliza.

Wote walimgeukia Shadya.

Ni vema msiba huu ueleweke kwa uzito wake. Shule hiyo ya bweni iko Nachingwea, upande wa kiwanja cha ndege cha zamani, na kwa miaka miwili klabu yake ilikuwa ikiingojea ndege moja ya abiria, ya kuongezwa kwenye mchezo wa kompyuta wa kurusha ndege. Haikuwa ndege ya kubonyeza kitufe kimoja ikapaa. Watengenezaji wake, huko Ulaya, walikuwa wameapa kwamba kila swichi ya chumba cha rubani itafanya kazi yake, na kwamba asiyesoma kitabu cha maelekezo hataweza hata kuwasha taa. Waliahirisha kuitoa mara tatu, na mara tatu marubani wa Nachingwea wakakaa matanga. Katika kungoja huko walijitengenezea chumba cha rubani cha maboksi, vizibo vya soda vikiwa swichi, na kila Jumamosi waliwasha injini za vizibo hivyo kwa utaratibu kamili, nyuso zimekunjwa kama za watu wenye roho za abiria mikononi.

Mwishowe ndege ilitoka kweli. Shemeji yake Mwalimu Evodius aliipata Dar es Salaam, sidii moja na kitabu kinene kama tofali, akaikabidhi basi la Ruangwa. Aliyeipokea stendi ya Ruangwa, akirejea shuleni kutoka likizo fupi, alikuwa mwenyekiti wa klabu, Shadya wa kidato cha nne. Ndiye yule yule aliyewahi kumvalisha mbuzi tai ya shule na kumfungia ofisi ya walimu, ili mbuzi akaimu nafasi ya mwalimu wa zamu.

"Sabuni za kunukia zimekatazwa hapa," alisema Felisian, mtunza stoo, aliyekuja kufunga madirisha. "Na wanaoingiza vitu kwa siri tunawajua."

"Mzee wangu, mimi naingiza mbuzi," alisema Shadya. "Sabuni bado sijafikia."

Hakuna aliyecheka, na hilo ndilo lililomtisha.

Kesho yake, jua likielekea kuzama, kiwanja kilinguruma.

Kiwanja hicho ni cha enzi za mradi wa karanga wa Waingereza. Wanafunzi wa shule ile hawakuwahi kuona ndege ikitua pale. Mbuzi walikuwa wakilishwa penye njia ya kurukia, na jengo la waongoza ndege lilibaki kuta na mabati tu. Jioni ile ulitoka humo mluzi mwembamba, ukanenepa, ukawa ngurumo ya ndege kubwa inayokimbia ipate kupaa. Mbingu ilikuwa tupu. Katikati ya ngurumo ikasikika sauti ya mwanamke, tulivu, ya mbali kidogo.

"Abiria wapendwa, karibuni. Fungeni mikanda yenu."

Ngurumo ilipanda, ikapanda, kisha ikakatika. Haikufifia kama ndege inayokwenda zake. Ilikatika kama shingo ya kuku.

Akina mama waliokuwa wakipalilia ng'ambo ya kiwanja waliacha majembe shambani wakaondoka, wakitembea upesi bila kukimbia, kwa sababu anayekimbia hufuatwa. Mabwenini walianza kwa mzaha: wachawi wamechoka na ungo, wamenunua ndege. Mzaha uliisha Ijumaa asubuhi. Kijana mmoja wa kidato cha pili aliyekwenda kuchungulia alirudi midomo imemkauka. Njia ya kwenda jengoni ilikuwa imezibwa kwa matawi mabichi yaliyofungwa kitambaa chekundu. Hiyo ni alama ya kumbi, pale wavulana wanapowekwa wakati wa jando. Na nani anaweka watoto jandoni wakati wa mvua? Kufikia uji wa saa nne jibu lilikuwa limeenea shule nzima. Ni jando la wafu. Watoto waliokufa kabla ya kutahiriwa wanakusanywa, na ile ndege ndiyo inayowabeba.

Shadya alikuwa na balaa lake la kumtosha. Saa tano alisimama ofisini mbele ya mkuu wa shule, Madamu Teodosia, aliyehamishiwa hapo Julai iliyopita kutoka Ukerewe. Madamu hakuwahi kuificha dharau yake kwa klabu. Aliiita michezo ya kitoto.

"Boksi lilitoka mkononi mwako."

"Shikamoo, Madamu."

"Marahaba. Lilitoka mkononi mwako."

"Likaingia mkononi mwako, Madamu. Jumanne, langoni, kwenye ukaguzi. Likalala humu ofisini mpaka Mwalimu Evodius alipokuja kulichukua."

"Chini ya kufuli. Ufunguo wa pili anao Felisian. Unataka kuniambia mzee yule anarusha ndege?"

"Sijasema hivyo."

"Bodi inakaa Jumatatu. Nenda kalete mzazi." Madamu aligeuza uso dirishani. Sauti yake haikuwa kali. Ilikuwa karibu na huruma, na Shadya aliona afadhali ukali. "Oktoba una mtihani wa taifa. Ukifukuzwa kwa wizi sasa, hakuna shule itakayokupokea. Ujiandae."

Jumamosi, saa tatu asubuhi, Shadya alimkuta Shaibu stendi ya Ruangwa. Shaibu alikuwa konda wa basi lililoleta mzigo, naye alikuwa ameketi juu ya tairi la akiba akipiga mswaki.

"Kaka Shaibu, ule mzigo wa mwalimu ulifunguliwa njiani?"

"Dada, usinitafutie kesi asubuhi. Nimeupakata tangu Dar kama mtoto mchanga."

"Ndani kulikuwa na nini?"

"Kitabu kinene na kasha la sidii. Yule jamaa alivifungia mbele yangu, akazungusha selotepu pana ile ya kahawia, mizunguko kama anafunga jeraha. Nikamwambia bosi, umefunga bomu?"

"Ya kahawia. Una hakika?"

"Niliipakata kutwa nzima. Nisijue rangi yake?"

Shadya alianza kuhesabu vidoleni. Langoni Jumanne alilikabidhi boksi likiwa na selotepu ya kahawia. Jumatano Mwalimu Evodius alikata selotepu inayoonyesha. Kwa hiyo gari la Dar limetoka kwenye kesi, Shaibu ametoka, na barabara yote ya Ruangwa mpaka Nachingwea imetoka. Ilibaki ofisi, na wenye njia ya kuingia humo: Felisian mwenye ufunguo, Mwalimu Evodius aliyekwenda kulichukua, na Madamu mwenyewe.

Kwao Shadya, mtoto akiharibu, anayeitwa ni mjomba. Mjomba Kaimu alikuwa mnunuzi wa ufuta, mtu wa maneno machache na tumbo la subira. Alisikiliza kisa chote wakila mihogo, mpaka Shadya alipofika kwenye matawi.

"Kumbi? Mwezi wa tatu?" aliuliza. "Watoto walale porini na mvua hii, na wale nini? Chakula bado kiko shambani. Jando ni baada ya mavuno, ghala limejaa."

"Ndiyo maana wanasema ni la wafu, mjomba."

"Wafu gani hao? Wafu wetu ndio walioupanga msimu. Wameusahau baada ya kufa?"

Shadya aliacha kutafuna.

"Na kumbini anaingia mwanamke?"

"Hata kuku jike haingii."

"Lakini mimi nimesikia sauti ya mwanamke humo."

Mjomba Kaimu aliweka muhogo chini. "Basi aliyeweka matawi yale hajui chochote. Ameona wenzake wanayaogopa, akayaiga. Huyo ni mgeni, tena mgeni asiyeuliza."

Jumapili alasiri walifika Nachingwea. Shadya alimwacha mjomba kivulini, akaenda stoo. Felisian alikuwa anapima maharage ya jioni.

"Mzee Felisian, kwenu Newala jando linafanyika mvua ikinyesha?"

"Umekuja kunitukana siku ya Jumapili?"

"Hapana, mzee. Na sabuni wanazonyang'anywa watu langoni, unazitunza wewe?"

"Mimi natunza majembe na maharage. Sabuni za kunukia ziko kabatini kwa Madamu, pamoja na mafuta ya nywele na urembo wenu wote."

Alipokuwa anafunga mdomo, kiwanja kilinguruma. Kopo la maharage lilimtoka mkononi. Mwalimu Evodius, aliyekuwa mwalimu wa zamu, alitoka bwaloni na chaki vidoleni, akasimama uani akiitazama mbingu iliyo tupu.

"Ile ni injini ya ndege yetu," alisema polepole. "Nilisikilizishwa mjini, walipokuwa wanaitangaza. Naisikia tangu Alhamisi."

"Mbona hukusema, Mwalimu?"

"Nimeingoja miaka miwili, Shadya. Nilidhani hamu imenichezea akili."

Hivyo Felisian alikuwa kushoto kwa Shadya, Evodius kulia, na ndege ilikuwa inapaa. Shadya alimfuata mjomba.

Mvua nyepesi ilikuwa inaanza walipofika kwenye matawi. Majani yalikuwa yamebadilishwa siku hiyo hiyo, mabichi kabisa, na kile kitambaa chekundu kilidondosha maji mekundu kama kimetoka kuoshea kidonda. Kutoka jengoni sauti ya mwanamke iliwakaribisha abiria. Mjomba Kaimu alisimama. Miguu yake haikuwa imekubaliana na akili yake.

"Mwanangu, mwanamke havuki hapa."

"Mjomba, ulisema wewe wafu hawasahau msimu."

"Nilisema nikiwa Ruangwa."

Shadya alikitazama kile kitambaa. Akikosea, bodi ingekuwa ndogo sana kati ya mambo yatakayompata. Lakini asipovuka, Jumatatu ilikuwa inamngoja palepale. Alikusanya sketi, akaruka matawi.

Ndani ya jengo mwanga ulikuwa wa kijivu. Cha kwanza alichoona ni matofali. Yalikuwa yamepangwa sakafuni mistari miwili, mawili mawili, na ujia katikati, kama abiria waliotulia kwenye viti vyao wakingoja kufika. Mbele yao, juu ya sanduku, palikuwa na kompyuta ya mapajani ambayo wafadhili waliileta kwa ajili ya taarifa za shule, spika mbili ndogo za betri, na kitabu kinene kimefunuliwa. Mwanamke aliyevaa kitenge alikuwa ameupa mlango mgongo. Kwenye kioo cha kompyuta mawingu yalikuwa yanapita.

"Shikamoo, Madamu," alisema Shadya.

Kompyuta ilizimika. Mabati yaliacha kutetemeka, wakabaki na mvua.

"Betri," alisema Madamu Teodosia bila kugeuka. "Inakufa kila nikivuka mawingu. Sijawahi kutua." Kisha akauliza, "Umejuaje?"

"Boksi lililala kwako na selotepu ya kahawia, likaamka na ya ofisini. Sabuni ni za kabatini kwako. Felisian na Mwalimu Evodius nimewaacha uani sasa hivi, wote wawili. Na haya matawi, Madamu. Ungemuuliza mpishi tu, angekuambia jando lina msimu wake, na kwamba mwanamke hatangazi ndani ya kumbi."

"Nilipofika Julai niliyaona, nikaambiwa nigeuze njia. Nikajua tu kwamba kila mtu hugeuza." Aligeuka. Macho yake yalikuwa mekundu. "Sikujua kama sauti inafika mbali hivyo. Nilidhani niko peke yangu."

"Na dharau yote ile? Michezo ya kitoto?"

"Nilipomaliza kidato cha sita niliomba urubani. Nikaitwa kwenye usaili, nikaenda na viatu vya kuazima. Wakaniuliza kama nimekuja kwa ile kazi ya kugawa chai. Nikafundishwa ualimu." Alikifunga kitabu polepole, kama anayemfunika mtoto. "Hii ndege nimeisubiri kabla ninyi hamjajua kama ipo. Nilitaka iwe yangu kidogo tu, halafu niirudishe. Evodius akaja Jumatano kabla sijawahi. Nikaweka kilichokuwa karibu. Nilidhani watalilaumu basi."

"Wakanilaumu mimi."

"Ndiyo."

"Na wewe ukaniambia nilete mzazi."

"Ndiyo."

Mjomba Kaimu alikuwa amefika mlangoni, lakini hakuingia. Alikohoa. "Mwalimu, huyu mtoto ana mtihani Oktoba."

Madamu aliyatazama matofali yake. "Mtawaambia bodi?"

"Nani atamwamini mtu wa mbuzi?" alisema Shadya. "Utasema wewe mwenyewe, kesho, paredi."

"Nikisema, hapa hawataniacha."

"Na mimi wangeniacha?"

Madamu alichomoa spika moja, kisha ya pili.

Jumatatu, saa moja na nusu asubuhi, shule ilijipanga mistari yake uwanjani. Madamu Teodosia alipanda jukwaani na kitabu kinene kwapani. Alisema alichochukua, alivyokichukua, na aliyebebeshwa kosa lake. Alilitaja jina la Shadya mara mbili, ili walio nyuma wasikie vema. Kisha alishuka, akamkabidhi Mwalimu Evodius kitabu na sidii. Mwalimu alivipokea kwa mikono miwili na hakuvitazama.

"Tawanyikeni," alisema Madamu, kwa mazoea.

Hakuna aliyetawanyika. Mamia ya macho yalikuwa kwa Shadya, yakimngojea amalize kazi, kwa maana kila mtu alijua kwamba mkuu wa shule akianguka mbele ya Shadya, lazima neno la mzaha limfuate chini. Shadya naye alilitafuta. Alikuwa nalo, tena zuri, na lilikuwa limefika kwenye ulimi.

Aliokota daftari lake, akampita Madamu, akainamisha kichwa kidogo kama inavyopasa kwa mkubwa, akaelekea darasani. Mstari wa kwanza ukamfuata, kisha wa pili.