Kizimba cha Bi Kulthum

"Bi Kulthum, kuku wako wamezaa watoto wachanga?"

Aliyeuliza ni Nyamvula, jirani yake huko Magogoni, asubuhi moja ya kipupwe. Ilikuwa miaka michache kabla ya Uhuru. Mvua ilinyesha usiku kucha, na upepo wa kusi ulikuwa baridi.

Bi Kulthum alikuwa amechutama mbele ya kizimba, chetezo mkononi. Moshi wa ubani ulitoka kwenye kila ufa.

"Cheka tu, shoga," alisema. "Wana mafua. Nimewaziba kwa magunia pande zote, na makaa nimewatilia. Hata hivyo wawili wamekufa."

Binti yake, Tima, alikuwa karibu kujifungua. Mzazi hunywa supu ya kuku mpaka arobaini yake iishe, na kuku hao ndio aliowekewa. Wengine hawakuwepo.

Nyamvula alilelewa Rabai na bibi yake, mfugaji wa kuku. "Hebu tia kichwa humo," alisema.

"Kichwa changu?"

"Chako. Wao wamelala humo usiku kucha."

Bi Kulthum alitia kichwa. Alikitoa mbio, machozi yakimtiririka. "Subhanallah. Humo mnachoma macho."

"Ni mavi yaliyolowa, na moshi. Kuku ana manyoya yake, baridi yetu haimtishi. Kinachomwua ni unyevu na hewa mbaya. Toa magunia ya juu, hewa ipite juu ya vichwa vyao. Upande wa kusi, huku chini, acha pamezibwa."

Wakashika kazi. Waliwatenga wagonjwa ndani ya tenga. Walikomba uchafu wote. Kizimba wakakiinua juu ya mawe, maji ya mvua yapite chini. Wakatandika maranda makavu kutoka kwa fundi seremala, wakaweka fito za kulalia, na makuti ya paa wakayarefusha.

"Na kila siku uwape maji safi," alisema Nyamvula. "Maranda yakilowa, yatoe."

"Na chetezo?"

"Kirudishe nyumbani. Kuku hawaendi harusini."

Bi Kulthum alicheka mpaka akakaa chini.

Mvua ziliendelea, lakini kizimba kilikuwa kikavu. Hakufa kuku mwingine. Tima alipojifungua mtoto wa kike, alhamdulillahi, supu ilikuwepo.

Bi Kulthum alimpelekea bakuli la kwanza. Mlango ulikuwa umefungwa. Dirisha lilikuwa limezibwa kwa blanketi, na chini ya kitanda paliwaka jiko la makaa. Mtoto alikuwa akikohoa.

Tima alikunywa kidogo, akajifuta jasho. "Supu tamu, mama. Kuku hawa walikuwa wakilala wapi?"

"Kizimbani. Sasa ni kikavu, na juu kina hewa."

"Wana bahati," alisema Tima.

Bi Kulthum alimtazama mjukuu wake. Kisha akalivuta lile blanketi dirishani, akalibeba jiko la makaa, akatoka nalo nje.