Bolti ya Nane

Haya yalimpata binamu yangu Mwesiga, na sehemu ya mwisho imenipata mimi, kwa hiyo siwezi kujitetea kwamba nilisimuliwa.

Mzee Kyaruzi alifariki mwezi Mei, usingizini, kwake Nshambya. Alikuwa fundi injini, mjukuu wa wahunzi wa Ijumbi, na ukoo ule una desturi yake: fundi akifa, kabla jua halijazama mtu huingia mahali pake pa kazi na kuziambia zana kwamba mwenyewe hayupo tena. Zana zisipoambiwa, huendelea na kazi.

Za Kyaruzi hazikuambiwa. Asubuhi ile ile ofisi moja ya mjini ilikwishafunga gereji kwa utepe, mpaka msimamizi wa mirathi apatikane. Sijaona ofisi ile ikiwahi jambo lingine lolote. Mjane wake, Ma Kokubanza, alikwenda kuomba dakika tano tu. Karani alimsikiliza vizuri, akafungua daftari.

"Hizo zana zitajulishwa kwa barua, mama. Niandike kwa nani?"

Utepe ulitolewa wiki ya saba. Ma Kokubanza alitaka aziambie hata kwa kuchelewa. Mwesiga, aliyefundishwa kazi na marehemu kwa miaka kumi na moja, akacheka, akasema zana zinahitaji mafuta, si taarifa. Alikuwa na haraka. Jumamosi angeendesha kigari chake kwenye mashindano, barabara ya vumbi ya Nshamba, mbali na kwetu Nshambya, na injini alitaka izunguke mara elfu tisa kwa dakika wakati iliumbwa kuishia elfu sita. Kwa mwendo huo kinachokufa kwanza ni bolti za konrodi, zile zinazoushika mkono wa pistoni kwenye krenki. Pistoni ikigeuka kule juu huzivuta, zikarefuka unywele mmoja, zikarudi. Siku bolti moja isiporudi, injini hutapika matumbo yake barabarani. Kwa hiyo aliagiza nane mpya, ngumu zaidi.

Kyaruzi alikuwa na sheria. Anayekaza hupima urefu wa bolti, kisha huweka nukta nyeupe ya rangi. Mwingine hurudia kwa spana yake, na akiridhika huweka nyekundu. Injini isiyo na nyekundu haifungwi. Nyekundu siku zote ilikuwa ya Kyaruzi.

Jumatano mchana Mwesiga alikaza zote nane, akaweka nyeupe, akafunika injini kwa shuka, akatia kufuli mlangoni. Tukaenda kula kwa Ma Kokubanza, hatua ishirini tu. Tulikuwa tunanawa tuliposikia mlio kutoka gerejini. Ule wa spana ya kipimo, ambayo hulia bolti ikikazwa kiasi chake.

Tak.

Nilihesabu saba. Mwesiga aliendelea kunawa mikono iliyokwisha kuwa safi.

Kufuli lilikuwa mahali pake. Shuka ilikuwa imekunjwa. Bolti saba zilikuwa na nukta nyekundu, mbichi. Ya nane haikuwa nayo.

Ma Kokubanza hakuvuka kizingiti.

"Hajaridhika nayo," akanong'ona.

Mwesiga aliipima mara tatu. "Kipimo kinasema iko sawa, Ma."

"Yeye hakuwa anabishana na kipimo. Alikuwa anabadilisha bolti."

"Nyingine itafika baada ya mwezi, waitu," akamsihi. "Wakaguzi wa mashindano wanakuja kesho."

Fomu ya wakaguzi ilitaka alama mbili kwa kila bolti. Akachovya brashi kwenye rangi nyekundu.

"Mwesiga. Usimtilie mtu sahihi yake."

"Marehemu hana sahihi, Ma."

Akaweka nukta. Ikachuruzika. Akaifuta, akaweka tena. Ikachuruzika. Mara ya tatu ikakaa.

Alhamisi wakaguzi walihesabu nukta kumi na sita, wakagonga muhuri, injini ikafungwa.

Jumamosi nilisimama kwenye kona ya pili, pembeni ya migomba ya watu. Nilimsikia akija. Injini ililia vizuri kuliko zote. Ndani ya mlio ule kulikuwa na kingine, kidogo.

Tak.

Kishindo. Vumbi. Kimya.

Tulimzika Jumatatu, kibanjani kwao, kati ya migomba. Taarifa ya ajali, kurasa nne, ilisema bolti saba zilikutwa nzima; ya nane "inaendelea kutafutwa".

Jioni ile Ma Kokubanza alichukua ufunguo. Mimi nilibaki mlangoni. Aliziambia zana kwa Kihaya, polepole, moja moja, akizigusa: nyundo, jeki, spana. Kyaruzi hayupo. Alipofika mwisho wa meza akavuta mkono nyuma. Juu ya shuka iliyokunjwa kulikuwa na bolti, imekatika katikati. Nukta nyeupe ilikuwapo. Nyekundu ilikuwa imekwanguliwa, safi. Kutoka Nshamba hadi pale ni zaidi ya saa nzima kwa gari.

Asubuhi yake ofisi ikaja na utepe mpya: uchunguzi wa kifo cha fundi. Hapo ndipo tulipokumbuka. Zana tulikuwa tumeziambia habari za Kyaruzi. Za Mwesiga hakuna aliyeziambia.

Nimeandika barua kuomba dakika tano. Karani amenijibu kwamba imepokelewa.

Pikapu yangu ilikuwa uani pale, nje ya utepe, tangu msiba. Leo saa nne asubuhi nilikwenda kuichukua. Nati zote za magurudumu zina nukta nyeupe, rangi bado inanata kidoleni. Nilizunguka gari mara mbili nikitafuta nyekundu ya Kyaruzi, sikuiona.

Nimerudi nyumbani kwa miguu.