Gauni Lililoshonwa Shingo

Nilikwenda kuchukua gauni langu tu, jioni, jua likiaga. Sikufuata maneno. Ingawa maneno nayo yakinikuta njiani, siwezi kuyapita bila kuyasalimu.

Mjukuu wangu ni fundi cherehani. Tunamwita Njiti, kwa wembamba wake. Amepanga chumba kimoja, humo analala na humo anashona. Upande wa pili wa ukuta kapanga muuguzi, mwanamke wa zamu za usiku, kimya kama paka. Mtu anayetoka wenzake wakilala na kurudi wenzake wakiwa usingizini... mimi simsemi. Nataja tu.

Njiti akanipa gauni nilipime. Nikaingiza mikono. Nikaingiza kichwa. Nikasukuma.

Giza.

Shingo ilikuwa imeshonwa. Bega hadi bega, mshono mzuri kabisa wa cherehani.

"We mtoto! Hili umemshonea nani? Asiye na kichwa?"

Akalitazama kama analiona mara ya kwanza. Macho mekundu, yamezama ndani.

"Bibi, leo usiku wa tisa silali. Juzi nimeharibu gauni la bibi harusi hivihivi. Mwenye duka kasema nikikosea tena, nisirudi kuchukua kazi."

Nikanusa. Mafuta ya cherehani, kitambaa kipya... na dawa ya hospitali. Nikautazama ule ukuta wa jirani.

"Umerogwa," nikanong'ona.

"Hajarogwa."

Muuguzi alikuwa amesimama mlangoni. Wallahi sikusikia viatu.

"Shikamoo, bibi. Ni simu hiyo. Anasoma hadithi kitandani, narudi kutoka zamu nakuta dirisha bado linang'aa. Ule mwanga unauambia ubongo kwamba bado ni mchana. Usingizi unafika, unakuta taa inawaka, unarudi zake." Akanyoosha mkono. "Nipeni niitunze mimi usiku."

Ahaa. Simu ya mwenzio unaitakia nini?

"Nitaitunza mwenyewe," nikamjibu. "Leo nalala hapahapa."

Akaitazama ile simu. Akaondoka, kimya vilevile.

"Hadithi gani hiyo isiyoisha?" nikamuuliza Njiti.

"Ya mwanamke anayeogopa kukesha peke yake. Kila kipande kinaishia maneno yaleyale, bibi. Usiniache. Basi nami nafungua kingine."

Nikaizima simu kwa kidole changu hiki. Nikaiviringisha ndani ya gauni bovu, nikaiweka chini ya mto. Njiti akalala kabla sijavua kilemba. Na kukoroma! Kijimwili kile, sauti ya lori.

Nami ningelala. Lakini jamani, mbea ni mbea. Mtu akeshe siku tisa, halafu mimi nisijue huyo mwanamke alisema nini?

Nilikuwa bado najigombeza pale shavu langu lilipopigwa na mwanga.

Mwanga wa buluu... chini ya mto.

Nikaichomoa. Nikasoma polepole, kidole juu ya kila neno, maana shule niliachia darasa la tatu.

*Njiti amelala. Sasa ni wewe.*

Nyuma yangu gurudumu la cherehani likazunguka. Tak... tak... tak...

Njiti alikuwa ubavuni mwangu, anakoroma.

Sikugeuka. Ningegeuka, ningeona. Nikaona heri nisome.

Asubuhi mjukuu wangu aliamka uso umenawiri. Akalifumua gauni, akanivalisha, likanikaa vizuri. Tangu siku hiyo analala kama mtoto mchanga, hajakosea hata kifungo, na mwenye duka kamwongezea kazi. Simu hataki hata kuiona. "Kaa nayo tu, bibi."

Nikaenda nayo kwangu.

Wiki mbili baadaye nikakutana na muuguzi njiani.

"Bibi, macho yako mekundu."

"Vumbi."

"Asiyelala hufanya mambo asiyakumbuke." Akasogea, akanong'ona, "Nipe hiyo simu, bibi. Nakuomba."

Sikumpa. Hivi yeye zile zamu za usiku alianza kuzipenda lini? Au naye aliwahi kuisoma? Ningemuuliza, lakini kwa mara ya kwanza maishani mwangu sikutaka kujua habari ya mtu.

Leo ni harusi ya binti wa dada yangu. Gauni lilikuwa linaning'inia msumarini tangu jana. Nikaoga, nikajipaka mafuta, nikaingiza mikono. Nikaingiza kichwa.

Giza.

Safari hii si mshono wa cherehani. Ni wa mkono, mkubwamkubwa, umepinda kushoto. Naujua. Foronya zangu zote nimezishona hivyo. Na kidole changu kina matundu madogo, mabichi.

Muuguzi atasema ni mimi, kwa kukosa usingizi. Na nikubali, yaishe.

Lakini macho yangu hayaoni tundu la sindano, huu mwaka wa kumi. Kila nikitaka kushona, namwita Njiti anitungie uzi. Jana Njiti alikuwa kwake. Mlango wangu niliufunga kwa komeo.

Nani alinitungia uzi?