Nyuma ya Ihirwe

Pale sokoni Kimisagara, kwenye rundo la vitabu vya mitumba, mikono miwili ilikivamia kitabu kimoja.

"Nimekiona kwanza," alisema Révérien, fundi cherehani aliyekulia Bujumbura.

"Macho hayanunui," msichana wa gauni la kitenge cha njano alimjibu, akalipa. Jina lake Ihirwe. Mwezi uliofuata Révérien alijiunga na ushirika wa mafundi cherehani alimokuwa Ihirwe, na tusidanganyane, hakufuata vyerehani.

Kitabu chenyewe kilikuwa riwaya ya Kifaransa ya zaidi ya miaka mia. Wanawake wanapata kura, wajamaa wanashika nchi, wanaume wanakanda unga huku wakilia. Wawili hao, sasa wapenzi, walisomeana wakicheka hadi machozi.

"Kweli watu waliogopa hivi?" aliuliza Ihirwe.

"Waliogopa, cheri wangu."

Kisha Ihirwe akagombea uenyekiti wa ushirika dhidi ya Valens, fundi mwenzao. Révérien, mdomo ule! Aliwasomea wanaume wa karakana sura ya kitabu kile inayomhusu malkia katili, na malkia huyo akamwita Ihirwe. Wakaangua kicheko. Kesho yake Valens alipita kila meza: "Mkimchagua, ni kukanda unga!" Safari hii hakucheka mtu.

Simu ya Révérien ikalia. Ni Ihirwe.

"Jina langu nani kaliweka humo?"

"Sha, mpenzi, ilikuwa utani..."

"Nani?"

"Mimi."

"Kwa nini?"

Révérien akarudia kwamba ulikuwa utani. Ihirwe akakata simu.

Siku ya uchaguzi, kama kawaida yao, kila mtu alisimama nyuma ya mgombea wake, wote wakionana. Ihirwe, katika suti ya kijani aliyojishonea, hakumtazama Révérien. Mstari wa Valens ulirefuka upesi. Révérien alikuwa bado pembeni.

"Jina lile niliweka mimi!" alipaza sauti. "Kitabuni halimo! Niliogopa, akiwa mkubwa, mimi nitakuwa nani?"

"Kakande unga!" walimzomea.

"Nitakanda!" Akaenda nyuma ya Ihirwe. Wanaume watatu wakahama mstari wa Valens, wakamfuata.

Wakahesabiwa. Valens arobaini na mmoja, Ihirwe thelathini na tisa.

Nje, Ihirwe alifuta macho. "Umeniponza, Révé."

"Najua."

"Na bado nakupenda, ndiyo inaniuma. Sasa sikiliza. Mkija kuniposa, mjomba wako, msemaji wenu, asitangulie kusema. Simama wewe, umweleze baba yangu nani alimwangusha binti yake."

Baba yake Ihirwe hakuwa mtu wa mchezo.

"Tuje lini?" akauliza.